Robo Kilomita kwa Kila Mkazi

Mwaka 1917 Waingereza walimshusha kisiwani Saint Helena mtu ambaye Unguja ilikuwa haijamsahau. Sayyid Khalid bin Barghash alijitwalia kiti cha usultani Agosti 1896, akakipoteza siku mbili baadaye pale manowari za Kiingereza zilipolipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa nzima. Alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, akakaa huko chini ya ulinzi wa Wajerumani mpaka majeshi ya Uingereza yalipomkamata mwaka 1916. Safari hii walitaka kumweka mahali ambapo hakuna wa kumtorosha. Walichagua kisiwa cha kilomita za mraba 122 katikati ya Atlantiki ya Kusini, karibu kilomita 1,900 kutoka pwani ya Afrika.

Khalid hakuwa wa kwanza. Napoleon aliletwa hapo mwaka 1815 na hakutoka hai. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, aliletwa mwaka 1890 akakaa miaka saba. Wakati wa vita vya Makaburu walifika wafungwa kwa maelfu. Hata mwaka 1957, dola ya Kiingereza ikiwa imeanza kukunja jamvi, wapinzani watatu wa serikali ya Bahrain walipelekwa huko, wakaachiwa mwaka 1961. Gereza lile halikuhitaji kuta, kwa kuwa bahari ilitosha.

Lakini umbali uliowapunguzia Waingereza gharama za ulinzi ndio uliokuja kuwapandishia wenyeji gharama za kila kitu kingine: chakula, mafuta, matibabu, na zaidi ya vyote mawasiliano. Historia ya jinsi kisiwa hiki kilivyopata intaneti ya kasi inaanza kabla ya intaneti yenyewe.

Enzi za Napoleon, habari kisiwani zilipita juu ya vilima kwa ishara za bendera na mbao. Vituo vya ishara vilimwezesha gavana kujua kwa dakika chache mfungwa wake alikuwa wapi, na bendera ya buluu ilitengwa kwa ujumbe mmoja tu: kwamba Bonaparte hayupo. Haikupandishwa kamwe. Ndani ya kisiwa, basi, habari ziliruka. Nje yake zilisafiri kwa tanga. Napoleon alifariki tarehe 5 Mei 1821, na London ilipata habari tarehe 4 Julai, miezi miwili baadaye.

Mambo yalizidi kuwa mabaya kabla ya kuwa mazuri. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za kwenda na kutoka India ziliacha kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na bandari ya Jamestown, iliyokuwa ikiwauzia mabaharia maji na mboga, ikapoteza wateja. Miaka kumi baadaye, mwaka 1879, waya wa telegrafu ulilazwa chini ya Bahari ya Hindi kutoka Aden kupitia Unguja na Msumbiji hadi Durban. Unguja ikaanza kuzungumza na London kwa saa chache, huku Saint Helena, koloni la Kiingereza kwa zaidi ya karne mbili, ikiendelea kungoja meli.

Vita ndivyo vilivyoleta waya. Mapigano na Makaburu yalipozuka Oktoba 1899, serikali ya Uingereza ilitaka njia nyingine ya simu ya kwenda Cape Town. Ile ya mashariki, ya kupitia Unguja, ilikuwa ikikatika mara kwa mara. Kampuni ya Eastern Telegraph ikalaza waya mpya kutoka Cape Town hadi Saint Helena, kisha Ascension, kisha Cape Verde na kuendelea kaskazini. Mafundi na makarani wa kampuni walijenga kambi yao kwenye shamba la Briars, palepale Napoleon alipolala miezi yake ya kwanza kabla ya kuhamishiwa nyumba ya Longwood.

Hakuna aliyewauliza wenyeji kama walihitaji telegrafu. Walikuwa njiani, basi wakaipata. Waya wa Atlantiki ulihitaji vituo vya kupokea ishara zilizofifia na kuzirusha upya, na kisiwa kilikaa mahali panapofaa. Khalid alipofika mwaka 1917 alikuta kituo hicho kikifanya kazi usiku na mchana, kikipitisha habari za vita kati ya London na Afrika Kusini.

Kuwa njiani kuna hasara yake: njia ikihama, unabaki peke yako. Mwaka 1968 ulikamilika mkongo wa SAT-1, wa kwanza kubeba sauti kati ya Afrika Kusini na Ulaya, kutoka Melkbosstrand karibu na Cape Town hadi Sesimbra nchini Ureno. Uligusa Ascension, ambako Waingereza na Wamarekani walikuwa na shughuli za kijeshi na za anga za juu. Saint Helena uliiruka. Kwa miaka 20 hivi iliyofuata, aliyetaka kupiga simu nje alitegemea mawimbi ya redio kupitia Ascension, yenye mikwaruzo na yenye kupotea hali ya hewa ikichafuka. Nafuu ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, dishi kubwa la satelaiti lilipojengwa, tena palepale Briars.

Mwenye dishi alikuwa yuleyule mwenye waya. Eastern Telegraph ilikuwa imeungana na nyingine na kuitwa Cable & Wireless tangu 1934. Mwaka 2013 biashara yake ya visiwani iliuzwa kwa Batelco, kampuni ya simu ya Bahrain, ikabeba jina la Sure. Hivyo nchi ambayo wapinzani wake walifungwa Saint Helena ikawa, kupitia kampuni yake, mwenye leseni ya pekee ya simu na intaneti kisiwani humo.

Intaneti ilipofika, ilipita kwenye dishi hilo. Mwaka 2012 kisiwa kizima kilikuwa kikigawana megabiti 10 kwa sekunde, kiasi ambacho leo nyumba moja ya Dar es Salaam au Nairobi hukinunua kwa ajili ya televisheni na simu za watoto. Satelaiti yenyewe ilining'inia kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Swali likipanda na jibu kushuka, nusu sekunde na zaidi imekwisha, na mazungumzo ya video yanageuka kuwa ya watu wanaokatana kauli. Vifurushi viliuzwa kwa kipimo na kwa bei iliyoumiza mishahara midogo ya kisiwani. Saa za usiku wa manane ndizo zilizokuwa na unafuu, kwa hiyo wanafunzi na wenye biashara walijifunza kupakua mambo yao wakati wengine wamelala. Simu za mkononi zenyewe hazikuwako kabisa mpaka Septemba 2015, wakati ambapo wachuuzi wa Afrika Mashariki walikuwa wamelipana kwa simu kwa miaka minane.

Mtu angeweza kusema watu elfu nne wenye bahari pande zote wavumilie tu. Wengi wa vijana wao hawakuvumilia, waliondoka. Walikwenda kufanya kazi Ascension, visiwa vya Falkland na Uingereza, wakaacha wazee na watoto wakiwasubiri kwenye simu iliyolipiwa kwa dakika. Daktari aliyetaka ushauri wa bingwa juu ya picha ya mgonjwa alilazimika kutuma faili zito kwenye mrija mwembamba. Na mgonjwa aliyeshindikana alisafirishwa hadi Cape Town kwa meli ya RMS St Helena, mwendo wa siku tano au zaidi.

Kwa nini soko halikulitatua jambo hili? Hesabu yake ni fupi. Gharama ya mkongo wa baharini hufuata urefu wake, na haijali idadi ya wateja watakaoutumia. Kilomita moja ya nyuzi, chuma na vikuza mawimbi ina bei ileile iwe inakwenda Lagos yenye watu mamilioni au Jamestown. Tawi la kufika Saint Helena kutoka njia kuu ya pwani ya Afrika ni zaidi ya kilomita 1,100. Ligawe kwa wakazi wapatao 4,400 waliohesabiwa katika sensa ya 2021, na kila mmoja wao, pamoja na mtoto mchanga, anabeba robo kilomita ya mkongo mgongoni. Hakuna mwekezaji anayesubiri faida ambaye angeikubali hesabu hiyo. Ama fedha za umma zitoke, ama mkongo usifike.

Na hata fedha zikitoka, ni lazima zitoke kwa wakati. Mkongo mkuu hutengenezwa kiwandani ukiwa na viungo maalumu vya matawi, vilivyopangwa mahali pake kabla meli haijang'oa nanga. Anayetaka tawi anasema mapema, kama abiria anayemwambia kondakta kituo chake kabla basi halijakipita. Kuongeza tawi baadaye maana yake ni kuunyanyua mkongo kutoka kilindini na kuukata, kazi ambayo wenye mkongo huikwepa.

Hilo lilieleweka vizuri kwa wanaharakati walioanzisha kampeni ya kukiunganisha kisiwa Januari 2012, wakiongozwa na mtaalamu wa mawasiliano kutoka Ujerumani. Walikuwa wamesikia habari za South Atlantic Express, mkongo uliopangwa kutoka Afrika Kusini hadi Brazili. Kwenye ramani, mstari wake ulipita kusini ya Saint Helena. Ombi lao lilikuwa la kawaida: upindwe kidogo, na serikali ya Uingereza ilipie tofauti. Wakaandika barua, wakakusanya saini, wakahesabu gharama hadharani. Waliposhawishi wenye mradi, bado walibaki na tatizo kubwa zaidi, kwamba mradi wenyewe haukupata fedha. Miaka ikapita na South Atlantic Express ikabaki karatasini.

Mwaka huohuo wa 2012, upande wa pili wa Afrika, kisiwa kingine kilionyesha kwamba jambo linawezekana. Ushelisheli nayo ilikuwa ikiishi kwa satelaiti. Serikali yake iliungana na kampuni za simu za nchini, ikiwamo tawi la Cable & Wireless, kulaza mkongo wa karibu kilomita 1,900 kutoka Dar es Salaam hadi Mahé. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilikopesha kila moja euro milioni 8, na Umoja wa Ulaya ukaongeza ruzuku ya milioni 4. Dar es Salaam ilichaguliwa kwa sababu tayari mikongo mikubwa ya pwani, SEACOM na EASSy, ilikuwa imefika hapo. Kwa Ushelisheli yenye watu wapatao 90,000 na watalii wengi kuliko wenyeji, mkopo ungeweza kulipika. Saint Helena haikuwa na wateja wa kulipa mkopo. Ilihitaji ruzuku tupu.

Uingereza ilikuwa na mradi mwingine mezani. Iliamua kutoa pauni milioni 285 kujenga uwanja wa ndege, ikiamini utalii utakiwezesha kisiwa kujitegemea na kupunguza msaada wa kila mwaka. Uwanja ulikamilika mwaka 2016, ndipo marubani wakagundua pepo za ghafla kwenye ncha ya njia ya kurukia, na ufunguzi ukaahirishwa huku magazeti ya London yakicheka. Ndege ya kwanza ya abiria ya ratiba ilitua tarehe 14 Oktoba 2017 kutoka Johannesburg. Meli ya RMS ilistaafu miezi michache baadaye. Sasa kisiwa kilikuwa na mlango wa angani, lakini mgeni aliyeshuka akiwa na kompyuta yake alikutana na intaneti ya karne iliyopita.

Fedha za mkongo zilitoka Brussels. Makoloni yaliyobaki ya nchi za Ulaya yalikuwa na haki ya kupata mgawo kutoka Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, na katika awamu ya 11, ya miaka ya 2014 hadi 2020, Saint Helena pamoja na Ascension na Tristan da Cunha zilipangiwa euro milioni 21.5. Zikilinganishwa na gharama ya uwanja wa ndege, hizi hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Serikali ya kisiwa iliamua kuzielekeza kwenye mpango wake wa kidijitali, na mkongo ukawa ndio nguzo ya mpango huo. Kulikuwa na haraka. Waingereza walikuwa wamepiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016, na kila mtu alijua kwamba mgawo huo ni wa mwisho.

Mradi wa kuupandia ulipatikana mwaka 2019. Google ilitangaza mkongo wake mwenyewe kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, wenye jozi 12 za nyuzi na uwezo wa terabiti 144 kwa sekunde, ukianzia Sesimbra na kuishia Melkbosstrand, sehemu zilezile za SAT-1 nusu karne kabla. Uliitwa Equiano, jina la Olaudah Equiano, mwandishi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akajikomboa, na mwaka 1789 akachapisha habari za maisha yake zilizowasaidia wapinga biashara ya watumwa. Desemba 2019 serikali ya Saint Helena ilitia saini mkataba wa tawi. Safari hii abiria aliwahi kusema.

Agosti 2021 meli ya Teliri ilitia nanga nje ya ghuba ya Rupert's na mkongo ukavutwa hadi ufukweni. Bonde lililo juu ya ghuba hiyo lina habari yake. Kuanzia mwaka 1840 jeshi la majini la Uingereza lilipokamata meli za watumwa katika Atlantiki, liliwashusha hapo Waafrika waliookolewa, zaidi ya 25,000, wengi wao wakitokea Kongo na Angola, na baadhi pwani ya Msumbiji. Walishuka wakiwa wagonjwa na wenye njaa, na wapatao 8,000 walifia bondeni wakazikwa bila majina. Wachimbaji wa barabara ya uwanja wa ndege waliwakuta. Mabaki ya watu 325 yaliyofukuliwa kitaalamu mwaka 2008 yalikaa stoo kwa miaka mingi huku wenyeji wakidai yapewe mazishi ya heshima, na Agosti 2022, mwaka mmoja baada ya mkongo, yakazikwa upya katika bonde hilohilo.

Mkongo ulikuwa umefika, lakini intaneti haikufika nao. Kwa miaka miwili nyuzi zile zilikaa gizani. Sababu ya kwanza ni kwamba njia kuu yenyewe ilikuwa bado inalazwa: Equiano ilifika Togo Machi 2022, kisha Nigeria, Namibia na mwishowe Afrika Kusini. Sababu ya pili ilikuwa ya nchi kavu. Leseni ya pekee ya Sure ilipangwa kuisha mwishoni mwa 2022, na serikali ilibidi iamue nani atauza huduma, kwa bei gani, kwa kutumia nyaya za nani. Ruzuku ya Ulaya ililipia mkongo wa baharini. Haikulipia nyaya za shaba zilizochakaa kutoka mtaani hadi sebuleni, wala haikuandika sheria ya ushindani kwa soko lenye wateja wasiojaza kiwanja kidogo cha mpira. Kampuni ngapi zingekuja kugombea nyumba elfu mbili hivi? Mwishowe leseni ya Sure iliongezwa muda, na tarehe 1 Oktoba 2023 intaneti ya kisiwa ikahamishwa kutoka kwenye dishi na kuingizwa kwenye mkongo.

Tofauti ilionekana siku hiyohiyo. Vifurushi visivyo na kikomo, ambavyo kwa satelaiti visingewezekana, vikaanza kuuzwa. Mkataba unaruhusu mamia ya gigabiti kwa sekunde, na huko mbele hata terabiti kadhaa. Gigabiti 100 tu ni mara 10,000 ya kile kisiwa kizima kilichogawana mwaka 2012.

Kiasi hicho watu 4,400 hawawezi kukimaliza hata wakitazama filamu usiku na mchana, na hapo ndipo mpango wa serikali ulipokuwa na ujanja. Satelaiti za kizazi kipya, zinazozunguka karibu na dunia, zinahitaji vituo vya ardhini vilivyotawanyika kila upande, hata katikati ya bahari, mahali ambapo hakuna mikongo. Saint Helena sasa ina mkongo, ina ardhi tupu, na ina anga isiyo na makelele ya redio. Serikali iliingia makubaliano na OneWeb ya kujenga kituo kisiwani, ili kampuni inunue sehemu ya uwezo wa mkongo na kusaidia kubeba gharama za uendeshaji. Satelaiti, iliyokuwa mlango pekee wa kisiwa, ikageuka mteja wake.

Njia iliyochaguliwa nayo ilileta bahati. Machi 2024 mikongo minne ya Afrika Magharibi, ikiwamo WACS na SAT-3, ilikatika nje ya Abidjan, na nchi kadhaa zikabaki na intaneti ya kuchechemea kwa wiki. Equiano haikuguswa, na nchi zilizobahatika kuunganishwa nayo zikawa kimbilio la majirani.

Ndugu wawili wa Saint Helena katika eneo hilohilo la utawala bado wako nje ya mkongo. Ascension, iliyopata waya mwaka 1899 na tena mwaka 1968 kwa sababu za wakubwa wa kijeshi, haikupewa tawi la Equiano. Tristan da Cunha, yenye wakazi chini ya 250 na iliyo kilomita zipatazo 2,400 kusini mwa Saint Helena, haina uwanja wa ndege, na haipo karibu na njia ya mkongo wowote. Hesabu ya robo kilomita kwa kila mkazi huko ingegeuka kuwa karibu kilomita kumi, na Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya uliolipia ile ya Saint Helena haupo tena kwa makoloni ya Uingereza.